Farasi wa Leonardo: shaba ilikwenda vitani, lakini si vita peke yake

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walinibana baada ya kusoma kwamba Leonardo da Vinci alikaa miaka kumi na miwili na sanamu ya farasi huko Milano, na asiimalize. Mmoja akasema Leonardo alikuwa mtu wa kuanza kazi na kuziacha. Mwingine akasema vita ndivyo vilivyomponza. Ukweli ni upi? Je, sanamu kubwa kiasi kile ingeweza kweli kutengenezwa kwa shaba kwa njia za wakati ule? Na yule farasi anayeonekana kwenye picha za Milano ya leo ni wa nani?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wote wawili wameshika kipande cha ukweli, ila wa vita ameshika kikubwa zaidi. Shaba iliyotengwa kwa ajili ya farasi ilichukuliwa Novemba 1494 ikapelekwa kutengenezewa mizinga, na haikurudi. Hilo halina ubishi. Lakini mimi huwa siishii hapo. Shaba ile ilipoondoka, Leonardo hakuwa na hata ukwato mmoja wa shaba wa kuonyesha. Alikuwa na udongo, michoro na madaftari basi. Ilikuwaje fundi wa kiwango chake afike mwaka wa tano wa kazi bila kipande kimoja cha shaba? Jibu liko katika njia aliyoichagua, na katika ukubwa aliotakiwa na bwana wake. Vyote viwili havikuruhusu kazi ya nusunusu: sanamu ingetoka yote kwa siku moja, au isingetoka kabisa.

Tuanze na mwenye fedha. Farasi huyu hakuwa wazo la Leonardo. Aliyekuwa aenziwe ni Francesco Sforza, jemadari wa askari wa kukodiwa aliyejitwalia Milano mwaka 1450 na kufariki 1466. Mwanawe Galeazzo Maria ndiye wa kwanza kutaka sanamu ya baba yake akiwa juu ya farasi, mwaka 1473, lakini aliuawa kanisani Desemba 1476 kabla ya jambo lolote kufanyika. Kiti kikabaki kwa mtoto wake mdogo, na kufikia 1480 madaraka yote yalikuwa mikononi mwa ami yake, Ludovico, ambaye watu walimwita il Moro. Huyu Ludovico alitawala kwa jina la mpwa wake. Mtawala wa namna hiyo ana haja kubwa ya kuwakumbusha watu yeye ni mtoto wa nani, na hakuna kumbukumbu inayosema kwa sauti kubwa kama babako juu ya farasi wa shaba katikati ya mji.

Leonardo alifika Milano kutoka Firenze karibu mwaka 1482, akiwa na umri wa miaka 30. Rasimu ya barua yake ya kuomba kazi kwa Ludovico ipo hadi leo. Ni barua ya kuchekesha kidogo ukijua inatoka kwa mchoraji, maana karibu yote ni orodha ya vitu vya vita: madaraja ya kubebeka, mizinga, magari ya kujikinga, namna ya kukausha mahandaki. Uchoraji na uchongaji vinakuja mwishoni kabisa, kama nyongeza. Hapo ndipo anaposema kwamba kazi ya farasi wa shaba nayo inaweza kushughulikiwa, kwa utukufu wa kudumu wa baba yake Ludovico na wa nyumba yote ya Sforza. Alijua bwana huyo anataka nini.

Sasa hiyo miaka kumi na miwili. Wanaoihesabu huanzia 1482 na kuishia 1494, kana kwamba kila siku Leonardo aliamka kwenda kwa farasi. Haikuwa hivyo. Miaka ya mwanzo hakuna ushahidi wa kazi kubwa. Tarehe 22 Julai 1489, balozi wa Firenze pale Milano, Pietro Alamanni, alimwandikia Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze, kwamba Ludovico anataka farasi mkubwa sana wa shaba, kwamba mfano ameagizwa Leonardo, lakini haonekani kuwa na imani kwamba Leonardo ataweza kuumaliza, na kwa hiyo anaomba atumiwe bwana mmoja au wawili wa Firenze wanaoijua kazi hiyo. Kwa hiyo mashaka ya mwanafunzi wako ni ya zamani sana, yalikuwepo hata kwa mlipaji. Na yalikuwa na msingi, kwani Leonardo alikuwa ameondoka Firenze akiacha mchoro mkubwa wa Mamajusi ukiwa haujakwisha.

Mabwana hao kutoka Firenze hawakuja kumwondoa. Tarehe 23 Aprili 1490 Leonardo aliandika katika daftari lake kwamba siku hiyo ameanza kitabu hicho na ameanza upya farasi. Kuanzia hapo hadi mwisho wa 1493 ndipo kazi yenyewe ilipofanyika, yaani chini ya miaka minne, na ndani yake alikuwa pia akitengeneza mapambo na mitambo ya sherehe za kasri. Ukimwambia mchongaji yeyote kwamba mtu alibuni, akapima na kujenga mfano wa udongo wa mita saba kwa muda huo, hatakuambia huyo ni mvivu.

Neno "upya" katika daftari lile lina uzito. Wazo la kwanza lilikuwa farasi aliyeinuka kwa miguu ya nyuma, na adui ameanguka chini ya kwato za mbele. Mchoro wake upo katika kasri la Windsor, Uingereza, na ni mzuri ajabu. Lakini uzito wote wa mnyama ungebebwa na miguu miwili myembamba ya nyuma, na ndiyo maana yule adui aliyeanguka yupo pale kuinua ngao, ili mguu wa mbele upate pa kuegemea. Kwa farasi wa ukubwa wa kawaida labda ingewezekana. Kwa farasi mkubwa kupita sanamu zote zilizojulikana, hapana. Sanamu kubwa ya shaba ya farasi aliyeinuka namna hiyo ilikuja kupatikana mwaka 1640, pale Pietro Tacca alipomaliza ile ya mfalme Philip IV wa Hispania, iliyoko Madrid, na hata hiyo imesaidiwa na mkia uliogusa chini.

Kwa hiyo Leonardo akamshusha farasi, akamfanya anayetembea. Mwezi Juni 1490 alikwenda Pavia kwa shughuli za kanisa kuu la huko, na akaiona sanamu ya kale ya shaba iliyoitwa Regisole. Haipo tena, ilivunjwa mwaka 1796. Aliandika kwamba kinachosifiwa kuliko vyote katika sanamu hiyo ni mwendo wake. Akarudi Milano akaingia kwenye mazizi ya wakubwa na kuwapima farasi hai, hasa wale wa Galeazzo Sanseverino, mkwe wa Ludovico. Michoro hiyo ipo: mguu wa mbele na vipimo vyake vyote, kifua, paja, na majina ya farasi wenyewe yameandikwa pembeni. Kuna mmoja aliyeitwa Msisili. Mimi nadhani hii ndiyo sehemu aliyoifurahia kuliko zote, na kama kuna mahali alipochelewa kwa kupenda, ni zizini.

Vipimo vya mwisho tunavipata kwake na kwa rafiki yake, mtaalamu wa hesabu Luca Pacioli, aliyeishi naye Milano. Farasi peke yake, bila mpanda farasi, alikuwa wa dhiraa 12 za Milano, yaani mita 7 na kidogo. Pacioli anataja ratili 200,000 za shaba. Ukigeuza kwa ratili ndogo ya Milano unapata kama tani 65. Wengine hufika 70 au zaidi. Bwana aliyemfundisha Leonardo kazi, Andrea del Verrocchio, alikuwa wakati huohuo amebuni sanamu ya jemadari Colleoni kwa ajili ya Venezia, ambayo leo inahesabiwa kati ya sanamu bora za farasi duniani. Pamoja na mpandaji wake, Colleoni anafika karibu mita nne tu.

Hapa sasa ndipo penye kiini cha swali lako la pili, na utaniwia radhi nikikaa kidogo.

Ninaposema shaba nina maana ya shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, kwa sababu mchanganyiko huo huyeyuka mapema kidogo kuliko shaba tupu, karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na hujaza kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia shaba, vizuri zaidi. Sanamu ya shaba haiwi ngumu ndani, ni ganda. Njia ya kawaida ya kuisubu, yaani kuitengeneza kwa kumimina shaba iliyoyeyuka, ilikuwa hivi: unatengeneza kiini cha udongo, unakivika nta, unachonga nta hadi iwe sura unayoitaka, unaifunika yote kwa udongo mwingine, halafu unapasha moto. Nta inatoka, inaacha mwanya, na mwanya huo unajazwa shaba. Ni njia nzuri, lakini ina roho mbaya. Nta uliyoihangaikia miezi mingi imekwenda. Shaba ikikwama njiani, huna sanamu na huna tena mfano wa kuanzia.

Leonardo hakutaka kucheza kamari hiyo. Kwa mpango wake, mfano wa udongo ungebaki salama. Juu yake angetoa kalibu kwa vipande. Ndani ya kila kipande angepaka tabaka lenye unene uleule kila mahali, kisha kiini kingejengwa ndani ya tabaka hilo, kikishikiliwa na vyuma. Tabaka lingeondolewa, vipande vingefungwa tena kukizunguka kiini, na ule unene ulioondolewa ndio ungekuwa nafasi ya shaba. Hakubuni kila hatua ya njia hii, watu wa kale walijua sehemu kubwa yake. Jipya lilikuwa kuitumia kwa kitu cha ukubwa huo, na hesabu iliyo ndani yake: ukijua unene, unajua shaba inayotakiwa, na ikishindikana unaweza kurudia kwa kuwa mfano bado upo.

Halafu akaamua kwamba shaba yote itamiminwa mara moja. Aliyewahi kusimamia umwagaji wa zege la ghorofa anajua kwa nini: ukisimama katikati, la asubuhi na la jioni halishikani, na panapokutana ndipo patakapopasuka. Lakini shaba haisubiri hata asubuhi hadi jioni. Inaganda kwa dakika. Tanuri moja lisingeweza kuyeyusha tani zote hizo, kwa hiyo alipanga matanuri kadhaa kulizunguka shimo, yote yafunguliwe pamoja, na shaba iingie kalibuni kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Tanuri moja likichelewa, kuna upande wa farasi utakaotoka na pengo.

Alikusudia kwanza kumzika farasi miguu juu, ili hewa na gesi zitokee kwenye miguu shaba ikiwa inapanda. Ndipo maji ya Milano yakamshinda. Mji ule umekaa juu ya maji yasiyo mbali na uso wa ardhi, na alipohesabu kina cha shimo la kumtosha farasi aliyegeuzwa aliona kalibu itakaribia maji kwa chini ya dhiraa moja. Udongo wenye unyevu ukikutana na shaba iliyoyeyuka hutoa mvuke, na mvuke uliofungiwa hulipuka. Tarehe 20 Desemba 1493 akaandika uamuzi: farasi atasubiwa akiwa amelala ubavu, na bila mkia. Mkia ungetengenezwa peke yake.

Haya yote hatukuyajua vizuri hadi mwaka 1965, madaftari mawili ya Leonardo yalipoonekana tena katika Maktaba ya Taifa ya Hispania, Madrid, ambako yalikuwa yamepotea kwenye rafu. Moja lina kurasa nyingi juu ya usubuji wa farasi tu. Kuna mchoro wa chaki nyekundu wa kalibu ya kichwa na shingo ikiwa imefungwa kwa vyuma na kulabu, ambao ukiuona huna haja ya kuuliza tena kama mtu huyu alikuwa mzito wa kazi. Kabla ya madaftari hayo, watu wengi walimwamini Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, aliyeandika katika karne ya 16 kwamba farasi alikuwa mkubwa mno kuweza kusubiwa kwa mkupuo mmoja. Baada ya madaftari kuonekana, hukumu hiyo haiwezi kutolewa kirahisi.

Mfano wa udongo ulionyeshwa mwishoni mwa 1493, wakati Bianca Maria Sforza, mpwa wa Ludovico, alipoozwa kwa Maximilian wa Habsburg. Washairi wa kasri wakausifu kwa beti. Kazi iliyobaki ilikuwa kalibu, shimo na moto.

Mwaka uliofuata mfalme Charles VIII wa Ufaransa akavuka milima ya Alpi na jeshi lake kwenda kudai ufalme wa Napoli. Ludovico mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomchochea aje, kisha alipomwona amefika akaingiwa na hofu. Novemba 1494 shaba ya farasi ikashushwa kwa mto Po hadi Ferrara kwa Ercole d'Este, baba mkwe wake Ludovico, aifanye mizinga. Katika rasimu ya barua kwa Ludovico, iliyochanika hivi kwamba kila mstari umebaki nusu, Leonardo anadai mshahara wa miaka miwili, na katikati anasema: habari za farasi sisemi kitu, maana nazijua nyakati zilivyo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uamuzi wa kumimina mara moja ulipomgharimu. Fundi mwingine angemsubu farasi kwa vipande na kuviunganisha, kama Warumi wa kale walivyofanya na sanamu ya mfalme wao Marcus Aurelius. Kufikia Novemba 1494 angekuwa na kichwa, pengine kifua, na bwana aliyekwisha kumwona baba yake akianza kutoka motoni asingekuwa mwepesi kutoa shaba iliyobaki. Leonardo alihitaji shaba yote ikae pale, haijaguswa, hadi siku yenyewe. Tani 65 za shaba zilizokaa bila kazi wakati wa vita haziwezi kudumu. Hata hivyo simtupii yeye lawama zote. Ukubwa huo ulikuwa tamaa ya Ludovico, na barua ya Alamanni inaonyesha hivyo.

Mwisho wa mfano wenyewe ni wa aibu. Wafaransa walirudi chini ya Louis XII na kuingia Milano Septemba 1499, na wapiga mishale kutoka Gascony wakaufanya ule udongo shabaha. Leonardo aliondoka mjini Desemba hiyohiyo pamoja na Pacioli. Mwaka 1501 Ercole, yuleyule aliyepokea shaba, aliwaomba Wafaransa wampe mfano huo autumie kwa sanamu yake mwenyewe, akisema kwamba pale ulipo unaharibika kila siku kwa kukosa mtu wa kuutunza. Akajibiwa kwamba lazima mfalme aulizwe. Hakupewa, na baada ya hapo mfano hautajwi tena. Ludovico alikamatwa Novara mwaka 1500 na kufia kifungoni Ufaransa, ngome ya Loches, mwaka 1508.

Wanafunzi wako watakipenda kisa hiki. Mwandishi mmoja wa Firenze wa karne ya 16 anasimulia kwamba mchongaji Michelangelo alimkejeli Leonardo njiani mbele ya watu: wewe uliyechora farasi wa kusubu kwa shaba, ukashindwa, ukaacha kwa aibu. Lakini Michelangelo naye alikwenda Bologna kusubu sanamu kubwa ya papa Julius II, na mwaka 1507 mmimino wa kwanza ukatoka vizuri hadi kiunoni tu, shaba iliyobaki ikakwama tanurini, ikabidi amimine mara ya pili. Sanamu ikasimikwa 1508. Mwaka 1511 wapinzani wa papa waliiangusha, na shaba yake ikawa mzinga ulioitwa La Giulia. Aliyeutengeneza mzinga huo ni Alfonso d'Este wa Ferrara, mtoto wa Ercole. Nyumba moja imekula sanamu mbili, ya Leonardo na ya mpinzani wake.

Je, ingewezekana? Jibu langu ni ndiyo, kwa hatari kubwa. Ushahidi bora uko Paris. Desemba 1692, Balthasar Keller alisubu kwa mmimino mmoja sanamu ya Louis XIV juu ya farasi iliyobuniwa na François Girardon, ya karibu mita 7 pamoja na mpandaji. Ilisimama katika uwanja unaoitwa leo Place Vendôme hadi ilipoangushwa wakati wa mapinduzi, mwaka 1792. Basi miaka 200 baada ya Leonardo jambo hilo lilifanyika, tena bila mashine ambayo yeye asingeielewa. Farasi wake alikuwa mkubwa zaidi, na sijui kama matanuri yote yangetii saa moja. Ila si ndoto ya mchoraji asiyejua moto.

Farasi wa leo wa Milano, aliye kwenye uwanja wa mbio za farasi wa San Siro, si wa Leonardo. Rubani mstaafu wa Marekani, Charles Dent, alisoma makala juu ya farasi huyu mwaka 1977 akaamua Waitalia wapewe walichokikosa. Alifariki 1994 kabla ya kukiona. Kazi ikakamilishwa na mchongaji Nina Akamu, farasi akasubiwa kwa vipande katika karakana ya Beacon, jimbo la New York, akaunganishwa juu ya kiunzi cha chuma, na kuzinduliwa Septemba 1999, miaka 500 tangu Wafaransa waingie. Pacha wake yuko Grand Rapids, Michigan. Kwa kuwa michoro ya Leonardo haionyeshi farasi mmoja aliyekamilika pande zote, Akamu alilazimika kuamua mengi mwenyewe, na ni haki aitwe farasi wa Akamu.

Kwa darasa lako, Mwalimu, nisingeanza na picha ya San Siro. Michoro ya farasi iliyoko Windsor inaonekana bure kwenye tovuti ya makusanyo ya kifalme ya Uingereza, na daftari la pili la Madrid liko kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Hispania. Waonyeshe kwanza mguu wa mbele uliojaa vipimo, kisha kalibu ya kichwa ya chaki nyekundu, na uwaulize wangemimina shaba kuanzia wapi.